MOTOKARI INAKUSAIDIA, LAKINI DEREVA NI WEWE



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya kofia, viatu vya kazi, vumbi la mawe na baruti. Safari hii tutoke mgodini, tuingie barabarani. Mtumishi anaweza kutoka shimoni akiwa mzima, kisha akafa au akaua mtu njiani wakati anaporudi nyumbani kwa konji. Kilio cha nyumba yake ni kile kile cha nyumba ya mtu aliyeangukiwa na jiwe. Usalama hauishii mlangoni pa mgodi.

Siku hizi barabarani kwetu, Butembo na Beni, kunaonekana motokari za namna mpya. Zimekwisha kutumika Japan, zikapita bandari ya Mombasa, zikavuka Uganda na kuingia kwa Kasindi. Muuzaji anazisifu: "Mzee, hii inafunga breki yenyewe. Hii inashika njia yenyewe." Mnunuzi anafurahi, na kweli ana haki ya kufurahi, maana vyombo hivyo vimewaokoa watu wengi duniani. Lakini akisadiki kwamba amenunua motokari pamoja na dereva wake, amejidanganya. Motokari hiyo ni msaidizi. Dereva ni yeye.

NI MOTOKARI ZA NAMNA GANI?

Mafundi wa dunia wamezigawa motokari katika ngazi sita, kuanzia 0 mpaka 5. Ngazi ya 0 ni motokari ambayo haiendeshi kitu kwa nafasi yako. Hata ikikupigia kengele ya hatari, kazi yote ni yako. Ngazi ya 1 inakusaidia katika jambo moja: ama mwendo, ama usukani. Ngazi ya 2 inakusaidia katika mambo yote mawili kwa pamoja, lakini wewe unapaswa kutazama njia kila dakika. Ngazi ya 3 inajiendesha yenyewe mahali fulani tu, kisha inamwita mtu ashike. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya Honda, huko Japan, mwezi wa Machi 2021. Ngazi ya 4 haihitaji dereva ndani ya eneo lililopangwa. Ngazi ya 5 ingekwenda popote bila mtu, lakini hakuna kampuni inayoiuza mpaka leo.

Basi ile unayoiona sokoni kwetu iko wapi? Toyota ilianza kueneza vyombo vyake vya namna hii mwaka 2015. Motokari za kutumika zenye vyombo hivyo, zinazofika kwetu, hazipiti ngazi ya 2. Zinaweza kupiga kengele ukitoka katika mstari. Zinaweza kufunga breki mbele ya motokari nyingine. Zinaweza kushika mwendo na kuacha nafasi nyuma ya lori. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa ili dereva alale, aandike katika simu au ageuke kuzungumza na walio nyuma.

MBONA MGODINI MASHINE INAKWENDA PEKE YAKE?

Pengine utauliza: "Mbona huko Kibali mashine zinachota mawe bila mtu juu yake?" Ni kweli. Katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, huko Haut-Uélé, shimo linashuka karibu mita 750, na mashine kubwa za kupakia mawe zinatembea zenyewe chini. Mtu mmoja, ameketi juu mbele ya vioo, anaweza kuangalia mashine kadhaa pamoja. Ni kazi nzuri, na imewaondoa watu mahali pa hatari.

Lakini fikiri vema kwa nini jambo hilo linawezekana. Njia za chini zimepimwa na mashine inazijua. Hakuna mtoto anayekimbilia mpira, wala mbuzi, wala muuza ndizi. Zaidi ya hayo, eneo la mashine limefungwa. Kuna vizuizi vyenye macho ya umeme. Mtu akivuka, mashine zinasimama papo hapo. Kwa maneno mengine, usalama wa Kibali haukujengwa juu ya akili ya mashine peke yake. Ulijengwa kwanza juu ya sheria moja: mashine ikitembea yenyewe, mtu hayupo.

Sasa toka Kibali, uje kwenye barabara ya taifa namba 2, kati ya Butembo na Beni, kilometa 54 hivi. Ni nani aliyeifunga barabara hiyo kwa vizuizi? Hakuna. Pale Maboya watu wanatembea pembeni, na watoto wanatoka shuleni. Kuna kinga zilizopakiwa ndizi, chukudu, piki-piki zenye abiria wawili au watatu, malori ya mbao, na mbuzi wasiojua sheria ya mtu. Mbele ya mashine ya mgodini tumemwondoa mtu. Barabarani watu wamejaa. Kwa hiyo lile jicho ambalo mgodi umeliweka katika vizuizi, barabarani ni lazima liwe kichwani mwako.

MACHO YA MOTOKARI YANAFUNGWA UPESI

Kila mtumishi anajua kwamba chombo cha kupima hewa kikijaa vumbi hakisemi kweli. Motokari nayo ina macho. Jicho moja ni kamera ndogo nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kile kioo cha kutazamia nyuma. Jicho jingine ni rada, mara nyingi nyuma ya alama ya kampuni iliyoko mbele. Haya ndiyo mambo yanayoyafunga:

Vumbi na matope. Wakati wa kiangazi lori lililo mbele yako linatimua vumbi, na kamera haioni kitu. Katika msafara unaosindikizwa na askari, kama ile iliyopangwa katika barabara ya Beni na Komanda, vumbi hilo ni zito, na motokari zinafuatana karibu karibu. Hapo usikabidhi mwendo kwa mashine.

Kioo kilichobadilishwa. Jiwe limepasua kioo cha mbele, fundi ameweka kingine. Vema. Lakini kamera isipopimwa upya kwa chombo chake, inaweza kutazama juu au pembeni kidogo. Kosa dogo hapo kwenye kioo linakuwa mita nyingi huko mbele.

Vyuma vya mbele. Wengi wetu tunapenda kufunga vyuma vikubwa mbele ili kukinga taa. Vikisimama mbele ya rada, umeipofusha motokari kwa mkono wako mwenyewe.

Motokari iliyoinuliwa. Ukiweka magurudumu makubwa na kuinua kiwiliwili ili kupita katika mashimo, macho hayatazami tena mahali ambapo kiwanda kilipanga.

Mstari usiokuwapo. Chombo cha kushika njia kinafuata mistari iliyopakwa rangi. Penye udongo hakuna mstari, na chombo hakina kazi. Tarehe 16 Juni 2021 Marais Tshisekedi na Museveni walizindua hapo mpakani Mpondwe mradi wa kutengeneza kilometa 223 za barabara, pamoja na Kasindi–Beni na Beni–Butembo. Lakini hata penye lami mpya, mstari haukuzuii kukutana na mbuzi.

Lugha. Motokari iliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani inaonya kwa Kijapani. Taa ya rangi ya machungwa inawaka kwa kusema, "Jicho langu limefungwa," na dereva anadhani ni kitu kidogo. Mwambie fundi akueleze maana ya kila taa kabla hujatoa franga zako.

Ongeza jambo moja ambalo wengi hawalijui. Japan na Uganda wanapita mkono wa kushoto; sisi Kongo tunapita mkono wa kuume. Motokari ya Japan ina usukani kuume, na taa zake za chini zimepangwa kumulika zaidi upande wa kushoto. Kwetu huko ndiko anakotoka mwenzako, nawe unamtia taa machoni. Tena ukitaka kulipita lori, ni lazima utokeze motokari karibu nzima kabla hujaona anayekuja. Hakuna kengele wala breki ya kujifunga inayokuondolea hatari hiyo. Baki nyuma, ongeza nafasi, ngoja mahali palipo wazi.

AKILI YA MTU NAYO INALALA

Hatari kubwa kuliko zote haiko katika chuma, iko ndani yetu. Mwaka 1948 mtaalamu Norman Mackworth, huko Uingereza, alitangaza majaribio aliyofanya juu ya watu wenye kazi ya kulinda tu. Aliwaweka mbele ya mshale uliozunguka kama wa saa, wangoje alama iliyotokea mara chache. Baada ya nusu saa hivi walianza kukosa alama nyingi zaidi. Hawakuwa wavivu. Ndivyo kichwa cha mtu kilivyo: kisipokuwa na kazi, kinaondoka.

Mwaka 1983 mtaalamu mwingine wa huko huko, Lisanne Bainbridge, alionyesha kwamba mashine ikichukua kazi nyepesi, inamwachia mtu ile iliyo ngumu, tena inamwachia kwa ghafula, wakati yeye amekwisha kupoteza mazoea. Soma neno hilo mara mbili. Motokari itakushikia mwendo kwenye njia nyoofu, penye jua, pasipo watu. Itakurudishia usukani kwenye kona, penye ukungu, mbele ya lori lililoharibika.

Tufanye hesabu. Ukiwa katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa, motokari inakwenda mita 22 kila sekunde moja. Ukitazama simu kwa sekunde tatu, umepita mita 66 ukiwa kipofu. Butembo iko juu, kupita mita 1,700. Beni iko chini zaidi kwa mamia ya mita. Fikiri mita 66 za upofu kwenye mteremko wenye kona, asubuhi ya ukungu.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Usidhani tunawatisha. Haya yametokea katika nchi yenye barabara nzuri kuliko zetu.

Tarehe 18 Machi 2018, usiku, katika mji wa Tempe, Marekani, motokari ya kampuni ya Uber ilikuwa katika majaribio ya kujiendesha. Ndani yake aliketi mtu mwenye kazi ya kuilinda. Mwanamke mmoja alikuwa anavuka barabara akisukuma kinga. Mashine ilimwona karibu sekunde sita kabla. Lakini mara ilidhani ni motokari, mara ni kitu kisichojulikana, mara ni kinga. Wala haikufundishwa kufikiri kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo alama za kuvukia. Mlinzi wake alikuwa anatazama simu. Mwanamke akafa. Mwaka 2023 mlinzi huyo alikiri kosa mbele ya korti, akapewa miaka mitatu ya kuishi chini ya uangalizi wa sheria.

Ndugu msomaji, mwanamke mwenye kusukuma kinga mahali pasipo alama za kuvukia! Kwetu ni wangapi kila siku, kutoka Butembo mpaka Beni?

Tarehe 29 Desemba 2019, huko Gardena, katika jimbo la California, motokari ya Tesla iliyokuwa ikiongozwa na chombo chake ilipita taa nyekundu, ikagonga nyingine na kuua watu wawili. Aliyeshitakiwa kwa vifo hivyo ni mtu aliyeketi nyuma ya usukani, naye hakupinga mashitaka.

Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, huko Key Largo katika jimbo la Florida, dereva wa Tesla aliinama kuokota simu iliyoanguka. Chombo kilikuwa kimewashwa. Motokari ilipita mwisho wa njia, ikagonga nyingine iliyosimama, ikaua binti wa miaka 22. Mwezi wa Agosti 2025 wazee wa korti waligawa lawama: sehemu 33 kwa mia kwa kampuni, sehemu 67 kwa mia kwa dereva. Ni vema kampuni nayo iulizwe, maana asiyesema ukweli juu ya bidhaa yake anashiriki kosa. Lakini tazama hesabu: mbele ya kampuni tajiri na chombo chake, bado mzigo mkubwa ulimwangukia aliyeshika usukani.

SHERIA YETU INASEMA NINI?

Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani yanasema kwamba kila chombo kinachotembea kiwe na dereva, na dereva aweze kukitawala wakati wote. Nchi yetu iliingia katika mapatano hayo mwaka 1977, na sheria yetu ya barabarani ni ile ya tarehe 30 Agosti 1978. Mwaka 2016 mapatano yaliongezwa neno ili kukubali vyombo vya kusaidia, lakini kwa sharti kwamba mtu aweze kuvishinda au kuvizima. Yaani hata wakubwa wa dunia walipofungua mlango mwaka huo wa 2016, walimwacha mtu kuwa bwana wa mashine.

Tena kitabu chetu cha sheria ya jinai kinamhukumu anayeua au kujeruhi bila kutaka, kwa kukosa kujihadhari. Mbele ya mwamuzi usitegemee kusema, "Motokari ilipaswa kufunga breki." Atakuuliza, "Na mguu wako ulikuwa wapi?" Bima ya motokari ni lazima katika nchi yetu tangu mwaka 1973. Bima inaweza kulipa franga, lakini haiwezi kuingia gerezani kwa nafasi yako, wala kurudisha mtoto wa jirani.

NANYI AKINA MAMA NA VIJANA

Mama, usinyamaze. Ukiwa ndani ya motokari na baba watoto anaandika katika simu kwa sababu "motokari inaona", mwambie kwa heshima lakini kwa nguvu: "Baba, shika usukani, simu nipe mimi." Huko si kumdharau, ni kumlinda. Watoto wafunge mkanda, wakae nyuma. Msiwafundishe mchezo wa kusimama mbele ya motokari ili kuona kama itasimama yenyewe. Mchezo huo ni wa kufa.

Nawe kijana, jifunze kwanza kuendesha motokari isiyokuwa na msaada wowote. Aliyejifunza kwa msaada tu, siku msaada ukizimika hana mikono. Wazee wetu walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtegemea macho ya mashine anaweza kufa kabla ya umaskini.

MAMBO MANANE YA KUSHIKA

1. Kabla ya kununua, uliza: ina vyombo gani vya kusaidia? Vinafanya kazi? Kioo cha mbele kimekwisha kubadilishwa?

2. Kila asubuhi futa kioo mahali pa kamera, na alama ya mbele mahali pa rada, kama unavyoangalia taa yako kabla ya kushuka mgodini.

3. Usifunge vyuma wala kubandika karatasi mbele ya macho ya motokari.

4. Taa ya onyo ikiwaka, hesabu kwamba huna msaada. Endesha kama motokari ya zamani, halafu mwone fundi.

5. Katika mji, sokoni, mbele ya shule, kwenye mteremko, katika vumbi, mvua au ukungu, zima chombo cha kushika mwendo.

6. Mikono miwili kwenye usukani, macho njiani. Simu iwe mbali nawe. Lazima upige simu? Simama pembeni.

7. Breki, magurudumu na taa kwanza. Kamera nzuri haisaidii motokari yenye magurudumu yaliyokwisha kulika. Breki ya kujifunga inafunga kwa magurudumu yale yale.

8. Umetoka kazi ya usiku na usingizi umekushika? Usiendeshe. Hakuna chombo cha ngazi ya 1 au ya 2 kinachoweza kumchukua mtu aliyelala mpaka nyumbani.

Ndugu mtumishi, mgodini hatumwachii rafiki mashine tusiyoijua, wala hatuondoi macho juu ya dari kwa sababu miti ya kuitegemeza ni mipya. Tunashukuru kwa miti, nasi tunaendelea kutazama dari. Fanya hivyo na motokari yako. Ikikuokoa siku moja kwa kufunga breki kabla yako, shukuru, kisha jiulize kwa nini ilikutangulia. Jamaa yako Butembo na jamaa ya jirani yako Beni zinakungoja wewe, na mtoto anayevuka njia pale Maboya anautegemea mguu wako.

Safari njema.